Redio, simu, video au shamba darasa: mngeanza na ipi?

Mche_Mpya
Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu kinataka kuwafikishia wakulima wadogo mambo mawili: mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhi nafaka bila dawa, na kilimo cha sukuma-vuta. Fedha zinatosha njia mbili tu. Mngechagua zipi?

Mgani_Mkongwe
Shamba darasa, bila kusita. Lilianzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga. Dawa zilikuwa zikiua buibui na wadudu wengine rafiki, wadudu wanaofyonza utomvu wa mpunga wakazidi kuzaana. Serikali ilishapiga marufuku dawa 57 mwaka 1986, lakini katazo halimfundishi mtu kutambua mdudu. Darasani wakulima wanakutana kila wiki msimu mzima, wanaingia shambani, wanahesabu wadudu, wanabishana, kisha wanaamua wenyewe kama kuna haja ya kupuliza.

Sukuma-vuta inadai malezi ya namna hiyo. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi inamfukuza nondo wa bungua, yule kiwavi anayetoboa mabua, majani ya tembo pembezoni yanamvuta, na mizizi ya desmodiamu inadhibiti kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Ila desmodiamu huchelewa kushika. Aliyesikia redioni tu ataing'oa akidhani ni magugu.

Sauti_Hewani
Mzee wangu, ubora siukatai, ila darasa moja lina watu 25 hivi. Wengine je? Na utafiti uliofanywa hukohuko Indonesia ulionyesha kuwa wahitimu hawakuwaambukiza majirani ujuzi kama ilivyotarajiwa. Redio inamfikia hata asiyejua kusoma. Sharti wakulima wasikike humo, wapige simu, waulize, wapinge. Mtaalamu akisoma maelezo nusu saa nzima, watu wanahamia stesheni nyingine, na wana haki.

Nyuki_Kazini
Mnashindania chombo kabla ya kutazama kinachobebwa. Mfuko una masharti machache: nafaka ikauke sawasawa, kila tabaka lifungwe peke yake, usifunguliwe ovyo. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni na kufa. Hayo redio inayamudu kabisa. Kinachobaki ni imani, na imani inakuja siku mfuko unafunguliwa hadharani baada ya miezi kadhaa, kila mtu atie mkono. Pangeni siku hiyo mapema na muitangaze.

Ujumbe wa simu mimi nauona ni wa kukumbusha tu. "Wiki hii kagua mahindi" unafaa, kufundisha hapana. Tena ulizeni simu iko kwa nani. Nyumba nyingi zina moja, anayo baba, na anayepalilia ni mama.

Mama_Palizi
Asante kwa kulisema hilo, mwanangu, maana linasahauliwa kila mara. Ndiyo maana naitetea video. Shirika la Digital Green lilianza nayo India: wanaoonekana ni wakulima wa eneo lilelile, inaonyeshwa kwa kikundi kidogo, mara nyingi cha wanawake, na mwezeshaji anaisimamisha katikati ili watu waulize. Bila mwezeshaji huyo inageuka burudani.

Halafu mwangalie nani anasema. Huko Malawi jambo hili lilijaribiwa: wakulima wa kawaida, wenye mashamba kama ya wenzao, walishawishi kuliko wakulima vinara, wale wanaoteuliwa kuwa mfano, lakini pale tu walipoahidiwa kifuta jasho. Mwenye ng'ombe wengi na pembejeo zote akisema "hii inalipa", jirani anajibu moyoni, "kwako."

Mche_Mpya
Mama, shikamoo, hapo umenigusa. Basi mifuko tutaipeleka kwa redio na siku ya kufungua, sukuma-vuta kwa shamba darasa. Kifuta jasho kitolewe mwanzoni au mwishoni?

Mama_Palizi
Marahaba. Mwishoni, na kitegemee wenzake wamejifunza nini, siyo mikutano mingapi ameitisha. Ukilipia mikutano utapata mikutano.

Mgani_Mkongwe
Naunga mkono. Na hilo shamba liwe karibu na njia ya kisimani, siyo nyuma ya ofisi. Mbegu ya desmodiamu mhakikishe inapatikana kabla hamjaitangaza.