Mdomo kuchezacheza wenyewe baada ya miaka mingi ya dawa za akili: tupeane uzoefu

Mleta mada
Habari za jioni wakuu. Mama yangu mkubwa anatumia haloperidol tangu niko shule ya msingi. Ugonjwa umetulia, anapika, anaenda kanisani, sokoni hapunjwi. Ila mwaka huu mdomo umeanza kutafuna wakati hamna kitu ndani, kama mtu mwenye bigijii. Ulimi unachungulia, unarudi. Akilala, kimya. Ndugu wengine wanasema ugonjwa umerudi, wengine katupiwa jini. Aliyepitia hili aje.

Fundi Cherehani
Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Nimechomwa Modecate, ile sindano ya kila mwezi, kwa miaka. Ulianza ulimi: nikiambiwa niutoe hautulii, unajikunja kama una akili zake. Kwenye daladala watu wananihama, watoto wanadhani nawabeua. Nikiwa natunga uzi kwenye sindano ndiyo mdomo unazidi kabisa. Kliniki wakaniongezea Artane. Mikono ikaacha kutetemeka, mdomo ukachachamaa. Daktari mwingine ndiye aliyeniambia Artane inafaa kwa kutetemeka na shingo kukakamaa, lakini hili linalokuja kwa kuchelewa inaweza kulichochea. Akaipunguza polepole, akanibadilishia na dawa yenyewe. Haujaisha, ila chai sasa nakunywa bila kujimwagia.

Kisura wa Pwani
Kwetu shangazi alipungwa. Mbuzi kaliwa, mdomo uko palepale.

Nesi Mstaafu
Poleni. Hospitali wanaita tadivu diskinesia. Ni dawa, si jini, na si lazima ugonjwa umerudi. Dawa hizi huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na ukizuiwa muda mrefu inaaminika ubongo huwa mwepesi mno kwa ile kidogo inayoupata. Wazee, wanawake na wenye kisukari wako hatarini zaidi.

Sisi tulikuwa tunamkalisha mgonjwa, tunamuuliza kama ana kitu mdomoni, anafungua kinywa, anatoa ulimi. Halafu anagusisha kidole gumba na vidole vingine harakaharaka. Hapo usiangalie vidole, angalia uso! Wengi mdomo hujionyesha wakati huo.

Mleta mada, ASIACHE dawa ghafla. Mdomo unaweza kuzidi na ugonjwa ukarudi kweli. Daktari anaweza kupunguza dozi au kumbadilishia. Klozapini, dawa nyingine ya akili, hatari yake ya kuleta tatizo hili ni ndogo, ila inataka damu ipimwe mara kwa mara. Zipo pia valbenazini na deutetrabenazini, Marekani waliziidhinisha kwa tatizo hili mwaka 2017. Bei yake usiulize.

Baba Zuu
Si dawa za akili tu jamani. Bi mkubwa wangu alikuwa ananunua Plasil dukani kwa kichefuchefu, bila cheti, mwaka mzima. Midomo ikaanza kucheza. Kumbe nayo inazuia dopamini. Marekani tangu 2009 ina onyo kali la kutozidisha wiki 12. Tuliisimamisha kwa ushauri wa daktari, ikapungua taratibu mno.

Fundi Cherehani
Mleta mada, mrekodi video kwa simu akiwa hana habari. Mbele ya daktari mtu anaweza kujibana dakika kadhaa.

Mleta mada
Asanteni sana, kliniki ni Alhamisi. Nesi, shikamoo. Meno yake ya bandia yamelegea, shavu lina vidonda. Niyatoe?

Nesi Mstaafu
Marahaba. Ayavue vidonda vipone, na umpeleke kwa daktari wa meno yakarekebishwe. Meno yasiyokaa sawa nayo humfanya mtu atafunetafune, daktari wa akili akachanganyikiwa. Mwambie hilo pia Alhamisi.