Tupeane uzoefu: Leseni ya klabu ikirudishwa mezani kwa sababu ya kelele

Mwenye uzi
Wenye kujua kazi hii, karibuni. Klabu iko chini ya dirisha, majirani wamelalamika, sasa wanataka kaunti iipitie upya leseni. Tuzungumzie Kenya. Wekeni hatua, karatasi na vipimo. "Nendeni NEMA" (mamlaka ya taifa ya mazingira) tumeshasikia.

Karani Mstaafu
Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka udhibiti wa kelele na leseni za vileo kwa kaunti. Sawa, lakini humo ndani ni ofisi mbili. Idara ya mazingira ina kipimo cha sauti, kamati ya vileo ya kaunti ndogo ina leseni. Ukienda mazingira peke yake, kanjo (askari wa kaunti) watabeba spika, faini italipwa, Ijumaa besi imerudi. Barua iandikiwe kamati ya vileo, nakala kwa mazingira, OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na chifu. Kila nakala igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na moja ubaki nayo.

Ndani ya barua, taja namba ya ploti. Wengi huandika jina la klabu tu, na jina hubadilishwa wiki moja kabla ya kikao. Kampuni mpya inaomba leseni mpya, chumba ni kilekile, dijei ni yuleyule, na faili lenu linalala chini ya jina lisilokuwepo.

Kisha soma leseni iliyotundikwa karibu na kaunta. Ni ya mkahawa, ya baa au ya klabu ya usiku? Hapo ndipo kesi nyingi zinapoamuliwa, kuliko kwenye kelele yenyewe. Sheria ya vileo ya 2010 iliipa baa ya kawaida saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Sheria hiyo hiyo inataka mita 300 kutoka shule ya watoto. Kaunti nyingi zina sheria yao ya vileo siku hizi, kwa hiyo linganisheni na ya kwenu kabla ya kunukuu saa. Mahali penye leseni ya mkahawa panapocheza muziki hadi alfajiri hapahitaji kipimo cha sauti ili kuonekana pamevunja masharti.

Mpangaji Ghorofa ya Tatu
Mimi naona video ya simu inatosha. Kila mtu anasikia.

Fundi wa Spika
Haitoshi, ndugu. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa sauti ya mtu. Hiyo maikrofoni huikata besi, na kelele ikizidi inajishusha yenyewe. Video inaonyesha saa na mahali, basi.

Kanuni za kelele za 2009 zinasema hivi: eneo la makazi, nje, desibeli 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, 55 mchana, usiku 35 vilevile. Na "usiku" wa kanuni unaanza saa mbili na dakika moja, si saa sita kama mameneja wanavyopenda kudhani.

Shida ni kwamba 35 ni kimya sana. Barabara yenye matatu inaizidi bila klabu yoyote, na wakili wa mwenye klabu atauliza hilo kwanza. Dawa yake: pima mara mbili mahali palepale, muziki ukiwaka na muziki ukizimwa. Pengo likiwa desibeli 10 au zaidi, unachosoma ni klabu. Likiwa 3, klabu na barabara zinagawana nusu kwa nusu. Chini ya hapo huna kitu cha kupeleka.

Jambo la pili, mwombe afisa wa mazingira asome desibeli A (hufuata sikio la mtu) na desibeli C (huiacha besi ipite). Kipimo cha A hupunguza sauti ya hezi 50, yaani besi nzito, kwa desibeli 30 hivi, kwa hiyo besi ya 75 inayotetemesha vioo itaandikwa 45. C ikiizidi A kwa 20, tatizo ni masabufa (spika za besi), na kufunga dirisha hakutasaidia chochote kwa sababu mtetemo unapanda kwenye zege.

Jirani wa Daftari
Daftari la kelele: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokoma, chumba gani, dirisha wazi au limefungwa, unasikia nini (besi, maneno ya wimbo, chupa zikimwagwa, bodaboda wakigombea abiria nje). Usiandike "kila siku usiku kucha", maana siku moja ya kimya inalifuta lote. Ukipiga ripoti polisi, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Wiki nne za nyumba tano tofauti ni nzito kuliko saini 200 za watu wanaokaa mtaa mwingine. Kamati huuliza saini zinatoka mlango gani.

Meneja wa Zamu
Nitatetea upande wetu kidogo. Mkidai kufungwa tu, mwenye klabu atapigana hadi mwisho. Mkidai masharti, wengi wanakubali kikaoni: muziki wa nje uzimwe saa nne, masabufa yashuke kutoka ukutani yakae juu ya mpira mnene, milango miwili yenye korido katikati, limita (kifaa cha kuzuia sauti isipite kikomo) iliyofungwa ambayo dijei hana ufunguo wake, chupa zimwagwe asubuhi, simu ya zamu ipokelewe. Limita bila kufuli ni pambo.

Msidanganywe na vyeti ukutani. Kile cha hakimiliki ya muziki si ruhusa ya kelele. Na leseni ya kupita kiwango cha kelele, chini ya kanuni za 2009, haizidi siku 7. Hakuna klabu yenye ya mwaka mzima.

Wakili wa Mtaani
Haraka ya kamati huwaumiza walalamikaji. Leseni ikifutwa bila mwenyewe kupewa notisi, sababu na nafasi ya kujieleza, mahakama itairudisha kwa Kifungu cha 47 cha Katiba na sheria ya hatua za haki za kiutawala ya 2015. Hakikisheni amepelekewa malalamiko yenu kabla ya kikao, na mbaki na ushahidi wa kupokea.

Kamati ikikaa kimya, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakidai uthibitishe kwamba umeumia au umepata hasara. Pelekeni nakala zenye mhuri, maana swali la kwanza litakuwa ni lini mlilalamika na kwa nani.

Karani Mstaafu
Nyongeza: leseni huisha kila mwaka. Ulizeni karani wa kamati tarehe ya kikao cha kuhuisha leseni na muweke pingamizi la maandishi mapema, nakala kwa mwombaji. Kumkatalia mtu kuhuisha leseni ni kazi ndogo kuliko kumnyang'anya katikati ya mwaka.