Silsila: Shobha alipaswa kusubiri?

Mleta mada:
Wadau, jana usiku nimeirudia Silsila, filamu ya Kihindi ya Yash Chopra, ile ya mwaka 1981, na swali lile lile limenikaba. Kwa ambao hamjaiona: Amit (Amitabh Bachchan) anampenda Chandni (Rekha). Kaka yake Amit, rubani wa jeshi la anga, anauawa vitani na kumwacha mchumba wake Shobha (Jaya Bachchan) na mimba. Amit anamwoa Shobha ili amsitiri, akimwacha Chandni. Wanapata ajali ya gari, mimba inatoka. Ndoa inabaki tupu, na Amit anarudiana kwa siri na Chandni, ambaye naye kashaolewa na daktari.

Wengi humsifu Shobha kwa subira. Mimi nasema alidhulumiwa, na subira yake isifanywe kipimo cha mke mwema. Itazameni tena ile Holi, sikukuu ya Wahindi ya kurushiana rangi. Amit kalewa kinywaji cha bangi, nguo nyeupe imeenea rangi, anaimba Rang Barse huku akimganda mke wa mtu mbele za watu. Shobha na yule daktari (Sanjeev Kumar) wamekaa tu. Daktari tabasamu linamkauka mdomoni. Shobha hajui aweke wapi macho. Hawakutukanwa wala kupigwa, lakini mimi hapo huwa natamani niinuke nikawatoe. Hayo ndiyo tunayomwambia binti wa watu avumilie?

Mchangiaji:
Mkuu, unamwonea Amit. Mwanamke ana mimba, mchumba kafa, hana ndoa. Angekwenda wapi kwa zama zile? Mwanamume aliacha mapenzi yake akabeba mzigo wa kaka yake. Tena mwisho si alirudi nyumbani?

Mleta mada:
Ndugu yangu, sitara aliyompa siibishi, siku ile alimwokoa. Lakini mimba ilipotoka, sababu ya ndoa ile iliondoka nayo. Hapo ndipo walipaswa kukaa kitako waulizane kila mmoja anataka nini. Hawakukaa. Na huko kurudi kumeletwa na nini? Ndege ya daktari imeanguka, Amit anajitosa motoni kumtoa, Shobha ndiyo kwanza anamwambia ana mimba yake. Haya, iondoeni ile ajali ya ndege, kisha mnioneshe ni wapi Amit alipomchagua Shobha kwa moyo wake. Mwenye kukijua kipande hicho akitaje.