Mtwara: kobe na vinyonga wagonjwa wanauzwa kwa punguzo, na ukiwaokoa kesi inakuwa yako!

Wakuu, salaam. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka uzi wenye adabu asubiri mwingine.

Kuna duka hapa Mtwara mjini, jina silitaji wala mtaa siutaji. Ni duka la pembejeo za mifugo kama mengine: pumba, vifaranga, vyombo vya maji ya kuku, dawa za minyoo. Malipo ya korosho yalipotoka, mwenyewe akaona atanue biashara. Kaanza na samaki wa mapambo, wakaja sungura, wakaja njiwa. Hayo sina shida nayo. Sasa pembeni ya kaunta kuna beseni la bluu limejaa kobe, na juu ya magunia ya pumba kuna vinyonga ndani ya kabati la kioo la maandazi. Ndiyo, kabati la maandazi, mafuta bado yameganda kwenye kona.

Kobe wamepandana humo kama viazi. Mmoja macho yamevimba mpaka yamefunga. Shingo kaivuta juu, mdomo wazi, na kila akitoa pumzi povu linavimba kwenye tundu la pua, linapasuka, linakuja jingine. Namuuliza mwenye duka huyu vipi, ananiambia, "Mafua tu hayo dada yangu, hali ya hewa hii." Mafua! Kobe hawezi kukohoa kama sisi, kile kiwambo cha misuli kinachotusaidia kusukuma pumzi yeye hana, kwa hiyo makamasi yakishafika kwenye mapafu yanabaki huko huko. Kobe anayehema mdomo wazi ana homa ya mapafu. Na juu yake feni inazunguka tangu asubuhi, wakati mnyama wa namna hiyo joto la mwili analipata nje, akipoa hata kinga yake inalala. Chakula: nyanya zilizooza na ukoko wa ugali, kwa kobe wa madoadoa ambaye huko porini anaishi kwa nyasi na majani. Mdogo kuliko wote nilimgusa ubavuni, gamba linabonyea. Hiyo ni kalsiamu na jua, basi.

Vinyonga ndiyo sitaki hata kusimulia sana. Wamewekewa maji kwenye kifuniko cha chupa, na kinyonga hajui kunywa kwenye chombo, anakunywa matone yaliyo kwenye majani. Macho yamedidimia, rangi imekuwa ya mkaa. Kabati limesogezwa dirishani "wapate jua". Kioo kinaingiza joto, ila ile miale inayomsaidia kujenga mifupa kinaizuia. Wanaokwa tu mle.

Nimeuliza bei. Kobe mzima elfu arobaini. Yule wa mapovu? "Huyu kwa kuwa anaumwa nakuachia kwa kumi na tano, dada, nenda kamhudumie." Nikamuuliza, nikiwachukua wote hawa wagonjwa itakuwaje? Akacheka kwa furaha kabisa. "Chukua! Jumamosi vijana wanashuka na wengine, huko wanafyeka mikorosho, kobe wamejaa."

Hapo ndipo mjadala wangu na nyie unapoanzia. Maana nilipowasimulia watu kwenye lile kundi letu la simu, robo tatu wamenijibu: sista, nunua tu, roho ya kiumbe, Mungu atakulipa. Wengine wako tayari kuchanga. Jamani, mmesikia alichosema kuhusu Jumamosi? Kumi na tano yangu ndiyo nauli ya bodaboda ya wale vijana. Mnyama aliyekuwa anakwenda kumfia mikononi nimemgeuza mali, na nimemfundisha mwenye duka kwamba hata mgonjwa ana mteja wake, tena mteja mwenye huruma ambaye habishani bei. Mwezi ujao atawaweka wagonjwa mbele kabisa ya mlango. Nyie mnaoita huo uokoaji, mimi naona ni oda.

Na hilo bado si baya zaidi. Baya zaidi ni sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haijali kama mnyamapori uliye naye ulimhurumia au ulimuwinda. Huna kibali, huyo ni nyara ya serikali, na mnajua wenyewe kesi za nyara zinavyokwenda: uhujumu uchumi, dhamana ya kusumbuana, ukitiwa hatiani unaweza kupigwa miaka 20 na kuendelea. Sasa nimbebe kobe kwenye kikapu, nimpandishe bajaji mpaka nyumbani, nimpe dawa kwa wiki kadhaa (maana kobe haponi kwa siku mbili kama kuku), halafu jirani mmoja tuliyegombana naye kuhusu maji aende kusema. Nitamwambia nini hakimu? Kwamba nilikuwa nasubiri apone?

Nchi hii twiga walipandishwa ndege KIA mwaka 2010 na watu wakaangalia. Mwaka 2016 serikali ikafunga usafirishaji wa wanyama hai nje, vizuri sana, na 2022 ilipotangazwa kwamba wenye wanyama waliobaki wamalizie kuwasafirisha, watu walipiga kelele ikasitishwa haraka. Macho yote kwenye viwanja vya ndege. Kwenye beseni la bluu sokoni hakuna anayeangalia.

Nimekwenda ofisi inayohusika, nayo siitaji. Wa kwanza kaniambia hilo ni suala la mifugo kwa sababu liko kwenye duka la mifugo. Wa mifugo kaniambia kobe si mfugo. Nikarudi, nikaambiwa mwenye dhamana yuko safari, na kijana mmoja pale akaninong'oneza, "Mama, si ungewanunua tu ukawaachia kule Msimbati?" Mtu wa ofisi huyo!

Wacha nimjibu hapa, maana najua wapo wengi wenye wazo hilo. Kobe mwenye maradhi ya kifua ukimwachia porini unawapelekea maradhi wale wazima, na kobe wa porini hawana zahanati. Halafu hujui katolewa Newala, Nanyamba au kavushwa mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Unamtupa tu, kwa jina zuri.

Jambo jingine, nalo naliandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya wale ambao tayari mmenunua: USIMPIGE KOBE IVERMECTINI. Mimi ni mtu wa mifugo, si daktari wa wanyamapori, lakini hili nalijua vizuri. Ile sindano ya mbuzi na ng'ombe iliyojaa kila duka inamuua kobe, inampoozesha kwanza. Na yule bwana mwenye duka nilimkuta anavuta dozi kwenye bomba la sindano, eti anawatolea kupe! Nimemkemea akanikunjia uso, ila aliirudisha kwenye rafu. Kupe wa kobe unawatoa kwa kibano, mmoja mmoja. Uvivu tu.

Na watoto. Wanaingia pale kutoka shule, wanawapapasa kobe, wanatoka kula sambusa kwa mikono ile ile. Wanyama hawa hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa hawaumwi. Marekani tangu mwaka 1975 kasa na kobe wadogo wa chini ya inchi 4 hawaruhusiwi kuuzwa kwa watu kufuga kwa sababu hiyo hiyo, watoto walikuwa wanaugua. Sisi tunamwambia mtoto mshike, mpole huyo.

Kwa hiyo msimamo wangu: senti yangu hapati. Nimeandika barua, nakala kwa mkuu wa wilaya, nataka wakamate wanyama wale na si kuwafukuza tu, maana wakimpa onyo la mdomo atawahamishia uani na hatutawaona tena. Picha ninazo, na bei kanitajia mwenyewe mbele ya mtu. Wakishakamatwa, wakinipa karatasi yenye mhuri kwamba nimekabidhiwa niwatunze, nitawatunza kwa gharama zangu, uwanja ninao, jua lipo na nyasi zipo. Bila karatasi, hapana. Yule wa mapovu huenda asifike siku hiyo, najua, na msinikumbushe kwenye koment, nimeshalala nalo.

Ninachotaka kwenu ni kimoja: kama kuna mtu aliyepitia SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, na amewahi kutibu kobe kwa mikono yake, aniandikie kwa siri kuhusu dozi. Mwenye kujua nani hasa anapokea wanyama waliokamatwa kwa kanda hii ya kusini, aandike hapa hapa wote waone. Wa "nunua tu" mchango wenu bakini nao. Na wewe utakayekuja kuniuliza kama gamba lake linasaidia mvuto wa biashara, pita kushoto.