Arabuko-Sokoke: tuingie kwa miguu ama kwa baiskeli?

Bi_Shela:
Salaam wapendwa. Wapwa zangu wanakuja Malindi likizo hii, washakuwa wakubwa wako sekondari, nataka siku moja niwatoe ufuoni niwapeleke msitu wa Arabuko-Sokoke. Wao wanalilia baiskeli, mimi nataka waone ndege na wanyama. Jee vyote vyawezekana siku moja? Na tuanzie wapi?

Mtu_wa_Gede:
Dada karibuni sana. Pandeni matatu ya Kilifi ama Mombasa mwambie konda awashushe kituo cha msitu Gede, ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini. Baiskeli ruhusa kwa zile njia pana za gari, lakini ukitaka wanyama shuka utembee na ufike mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mshaingia, manake jua likipanda ndege wananyamaza na utabaki kuhesabu miti. Na chukueni mwelekezi wa pale pale, msiende wenyewe, mle ndani kuna ndovu.

NdegeNaMiti:
Mwelekezi ni lazima kwa kweli. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, urefu hata sentimita 20 hafiki, mchana amelala kwenye vichaka vya upande wa udongo mwekundu na rangi yake ni kama majani makavu, waweza kusimama chini yake usimwone, ila waelekezi wanajua anapolala. Halafu kuna sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye matako ya rangi ya dhahabu, yule utamsikia kwanza akichakura majani, ukimkurupua anatimua mbio hapo ndio unaona ile dhahabu. Sehemu za miti ya mirihi, kwenye mchanga mweupe, angalieni juu kabisa, ndege wanatembea makundi mchanganyiko. Huu ndio msitu mkubwa wa pwani wa aina yake uliobaki Afrika Mashariki, kilomita za mraba 420 hivi, jamani tuutunze.

Bi_Shela:
Ahsanteni mno. Na magofu ya Gede, ule mji wa kale wa Waswahili, tuyaunganishe siku hiyo hiyo?

Mtu_wa_Gede:
Naam, mchana, pana kivuli na kima wamejaa kwa hivyo chakula kaeni nacho ndani ya begi. Tangu 2024 yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Na hapo hapo muwapitishe Kipepeo, mradi ulianza 1993, wakulima wa kandokando ya msitu wanafuga vipepeo wanauza pupa wao (kipepeo akiwa bado ndani ya kifuko chake) nchi za nje, yaani mtu anapata riziki msitu ukiwa umesimama bila kukata mti. Watoto wa sekondari wanahitaji kuliona hilo kuliko lolote.

Baiskeli_Pwani:
Kwa hao wapwa: mchanga mweupe ukikauka magurudumu yanazama mtasukuma tu, mvua ikinyesha kidogo unashikana na ni raha, ila udongo mwekundu ukilowa unanata mpaka kwenye breki. Beba maji mengi, tyubu ya akiba na pampu, ndani hakuna duka. Na suruali ndefu, siafu hawana huruma.