Antaktika, Svalbard ao Greenland: papa yetu tumupeleke wapi?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo yenu wote. Papa yetu alifundisha jiografia hapa Lubumbashi mpaka pensheni, kila mwaka anachora ncha mbili za dunia ku tablo na chaki, na yeye mwenyewe hajaona barafu ya bahari hata siku moja. Sisi watoto, wengine tuko hapa wengine Ulaya, tunachanga makuta ili apande moja ya zile meli ndogo zenye kuingia kwenye barafu na kushusha watu na mashua ya mpira, si yale mameli ya watu elfu tatu. Ana miaka 71, anatembea muzuri lakini goti ya kuume inamusumbua mu ngazi, na paspoti yake ni ya Congo tu. Tumebakia na njia tatu: Antaktika kupitia Ushuaia, Svalbard (visiwa vya Norvege kaskazini kabisa) kupitia Norvege, ao Greenland. Yeye anataka Antaktika yulu ya pengwini. Wenye kujua mutusaidie, hii haitafanyika mara mbili.

Kasapa77 (Lubumbashi)
Mi nilienda Antaktika na mtu akiniuliza nitasema paka kwenda. Unapanda meli Ushuaia, kusini kabisa ya Argentina, msimu ni mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu kwa sababu ndiyo kiangazi ya kule. Halafu kuna Drake. Usidharau Drake, ni bahari ya wazi kati ya Cape Horn, mwisho wa Amerika ya Kusini, na Antaktika, siku mbili kwenda siku mbili kurudi, na ikichafuka watu wazima wanalala kitandani wameshika mbao. Ikitulia ni maji tu na ndege wakubwa wanafuata meli. Hakuna anayeweza kukuahidi utapata ipi.

Ukifika kule, baridi yenyewe haiko ya kutisha, mwezi wa kwanza kwenye Rasi ya Antaktika, kule meli nyingi zinaenda, inazunguka digrii sifuri. Pengwini ni maelfu, unaambiwa ukae mita 5 mbali nao lakini wao hawajui hiyo sheria, wanakuja mpaka kwenye buti yako.

Kitu kimoja muangalie sana ni ukubwa wa meli. Kule hawaruhusu zaidi ya watu 100 kwenye nchi kavu kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Kwa hiyo meli ya watu 200 munashuka kwa zamu, nusu ya muda unangojea ndani. Meli ya watu 100 ao chini unashuka kila mara. Munalipa sababu ya kushuka, si sababu ya kitanda.

Mama_Neema (Tromsø, mutoto wa Goma)
Kaka Mwana_Katuba, hongera kwa hilo wazo, Mungu awabariki. Mimi ni infirmière, niko Norvege miaka mingi, Svalbard nimefika, naomba niongee kuhusu mwili wa papa kwanza.

Kupanda na kushuka ile mashua ya mpira ndiyo kazi. Unashikana mikono na baharia, unakanyaga ukingo, unakaa. Kwenye kushuka mara nyingi unaingiza mguu majini na buti refu halafu unatembea kwenye mawe yenye kuteleza. Goti ya mzee itaisikia hiyo mara mbili kwa siku. Inawezekana, nimeona wazee kuliko yeye wakifanya, ila aanze kufanya mazoezi ya ngazi sasa hivi na fimbo mbili za kutembelea abebe.

Pili, dawa ya kichefuchefu cha bahari. Watu wanapenda ile plasta ya skopolamini inayobandikwa nyuma ya sikio. Kwa mzee mwenye glakoma ao mwenye shida ya prostate na mkojo, ile dawa inaweza kumuletea matatizo, aone daktari mbele, asipewe tu na abiria mwenzake.

Sasa kwa nini mimi nasema Svalbard: meli nyingi zinatembea kwenye fiodi za magharibi, ile mikono ya bahari yenye kuingia kati ya milima, maji yamekingwa na milima, mawimbi si kama Drake hata kidogo. Kutoka Tromsø mpaka Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, ni ndege, si siku mbili za bahari. Mwezi wa saba joto ni digrii 6 ao 7 hivi, asubuhi ya baridi ya Lubumbashi mwezi huo huo inafika hapo hapo. Na kwa mwalimu wa jiografia kuna kitu Antaktika ya kwenye Rasi haitamupa: Longyearbyen iko digrii 78 kaskazini, kuanzia mwezi wa nne karibu tarehe 20 mpaka mwezi wa nane karibu 22 jua halizami. Mtu ambaye maisha yake yote jua linazama karibu saa kumi na mbili, aweke saa yake usiku wa manane aone jua liko pale!

Jirani_ya_Nyiragongo (Goma)
Dubu weupe je? Atawaona karibu?

Mama_Neema (Tromsø, mutoto wa Goma)
Ndugu, karibu hapana, na ni vizuri hivyo. Sheria mpya ya 2025 inataka mita 300 kutoka kwa dubu, na kuanzia tarehe 1 mwezi wa tatu mpaka 30 mwezi wa sita ni mita 500. Mutamuona na jumelle. Mukishuka, guides wana bunduki na wanakagua kilima chote kabla abiria hajakanyaga. Tena sheria hiyo hiyo, kwenye maeneo ya hifadhi meli isizidi abiria 200 na wanashuka sehemu 43 tu zilizochaguliwa. Walrasi, wale wanyama wakubwa wa bahari wenye meno marefu, ndio utawaona karibu zaidi, na ndege kwenye majabali hawahesabiki.

Jirani_ya_Nyiragongo (Goma)
Mimi ningemupeleka mbali zaidi. Sisi wa Goma tunajua ziwa la lava, na huko Bahari ya Ross, upande mwingine wa Antaktika, kuna volkano ya Erebus, mita 3,794, nayo ina lava yake katikati ya barafu. Mwalimu wa jiografia akose hiyo?

Kasapa77 (Lubumbashi)
Ndugu ya Goma, nakuelewa, lakini Bahari ya Ross unatokea New Zealand, ni karibu mwezi muzima baharini kwenye mawimbi mabaya kuliko Drake, na bei yake inaruka mara mbili ao tatu. Kama ni volkano, kwenye Antaktika ya kawaida kuna Deception Island, meli inaingia ndani ya kreta yenyewe, ukichimba mchanga pwani unatoa mvuke.

Kuhusu Drake kuna dawa moja: munaruka na ndege kutoka Punta Arenas, Chile, mpaka King George Island, masaa mawili hivi, meli inawangojea kule. Ila bei inapanda, na wingu likishuka ndege haitoki, munaweza kungojea siku nzima.

Mudugu_Ibanda (Bukavu)
Mi ndo natengenezaka dosie za safari za watu, mniruhusu niongee makaratasi maana hapo ndo safari nyingi zinafiaka.

Svalbard haina visa yake, mkataba wa 1920 uliifungua kwa watu wote, lakini iko NJE ya Schengen (zile inchi za Ulaya zenye visa moja) wakati njia ya kufika inapita Norvege. Kwa hiyo papa akitoka Norvege kuingia Svalbard ametoka Schengen, akirudi anaingia tena. Lazima visa iwe ya kuingia mara mbili. Wakimupa ya mara moja amekwama. Muandike wazi kwenye demande, muweke na barua ya kampuni ya meli yenye tarehe.

Greenland ni ngumu zaidi, Schengen ya kawaida haitoshi, visa ya Danemark inapaswa kuandikwa kwamba inafaa kwa Greenland. Nasema hivyo na uchungu kwa sababu Ilulissat, ile fiodi ya barafu iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2004, nadhani ndiyo yenye kuzidi zote kwa mtu anayetaka kuona milima ya barafu yenyewe, mikubwa kuliko nyumba za ghorofa.

Antaktika haina visa lakini Argentina inayo, na kwa njia ya Addis na São Paulo muulize transit ya kila uwanja. Assurance nayo iandike kabisa kwamba inalipa kumutoa mgonjwa kule. Mwezi wa kumi na moja 2007 meli inaitwa Explorer ilizama karibu na Antaktika, watu wote 154 waliokolewa kwa sababu meli nyingine zilikuwa jirani. Hospitali hakuna kule. Longyearbyen kuna ndogo, na uwanja wa ndege.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Aksanti sana wote, nimesomea papa majibu yote kwa telefone. Pengwini ameumia kidogo kuwaacha. Lakini kwenye jua la usiku wa manane alinisimamisha akaniambia nirudilie, halafu akaanza kunifundisha mhimili wa dunia umeinama digrii ngapi. Tumeamua Svalbard, katikati ya mwezi wa saba, meli ya chini ya watu 100. Yaya Kasapa usikasirike.

Kasapa77 (Lubumbashi)
Siwezi kukasirika mdogo wangu. Muchukue kabini ya chini katikati ya meli, ndiyo inatikisika kidogo na ndiyo bei yake iko chini pia. Na msimununulie koti, meli nyingi zinatoa koti ao kuazimisha buti. Mumununulie nguo za ndani za sufu na gloves mbili, pamba ikilowa haifai kitu.

Mudugu_Ibanda (Bukavu)
Leo hii uangalie paspoti ya papa inaisha lini. Schengen inataka ibakie angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Kama haifiki, mnaanzia hapo mbele ya kulipa acompte ya meli.