Mkanda wa kamera wa kukatiza kifuani, upi uko salama na hauumizi bega? Naombeni uzoefu wenu

picha_moro

Wakuu habari za jioni. Napiga harusi na send-off hapa Morogoro, mara moja moja naitwa Dar. Natumia Canon 6D na lenzi mbili, 24-70 na 70-200 zote f/2.8. Tangu nianze nilikuwa na ule mkanda uliokuja ndani ya boksi la kamera, wa kuvaa shingoni, sasa fikiria umeanza saluni kwa bibi harusi saa tatu asubuhi, ukaenda kanisani, ukaenda bustanini, ukumbini mpaka saa sita usiku, na ile 70-200 peke yake ni karibu kilo moja na nusu hapo bado hujaweka bodi na flashi, kesho yake kugeuza shingo kitandani ni shughuli.

Nikaamua kununua mkanda wa kukatiza kifuani, ule unaofungwa kwa bolti kwenye tundu la chini ya kamera, lile la kufungia tripodi (kistendi cha miguu mitatu), na kamera inaning'inia kiunoni. Shingo ikapona kweli, nilifurahi sana. Ila wiki ya tatu niko ukumbini maharusi wanakata keki, nikahisi kamera inacheza tofauti na nilivyoizoea, kushika hivi nakuta bolti imejifungua yenyewe, imebaki imeshika kwa meno mawili tu. Mawili wakuu! Nikaikumbatia palepale, picha ya keki nikaikosa, mwenzangu ndio alipiga. Nyumbani nikaikagua ile bolti, washa yake ya raba imekuwa ngumu kama plastiki na inateleza ukiisugua kwa kidole.

Sasa nimerudi kwenye shingo na sitaki. Naomba kujua, ni afadhali kufunga chini au kwenye yale masikio ya juu ya kamera, pale unapopitishwa mkanda wa shingoni? Na mkanda wa aina gani hauchoshi kwa masaa 15? Sina hela ya kujaribu mitano mpaka nipate.

mzee_wa_ukumbi

Pole sana mkuu, na hongera kwa kuwahi kuishika, mimi yangu haikuwahiwa, iliangukia vigae na lenzi ikapinda pale inapoingia kwenye bodi. Kwahiyo nakujibu kwa uchungu kabisa.

Watu wengi wakitafuta mkanda wanaangalia mkanda wenyewe, mnene kiasi gani, una sponji gani, wanavuta vuta dukani. Mkanda haukatiki kirahisi. Kinachoangusha kamera ni maungio, pale mkanda unapokutana na kamera. Hiyo bolti ya robo inchi ni ileile ya tripodi, ilitengenezwa kukaa imetulia kamera ikiwa juu yake. Wewe umeigeuza kamera kichwa chini, kila hatua inajipinda kidogo kushoto kulia, kila ukiinua kupiga inazunguka, kwa siku nzima ni maelfu ya mizunguko midogo. Washa ya raba ndio breki yake, ikishakuwa ngumu hakuna kinachoizuia isifunguke.

Ukitaka kuendelea na bolti inawezekana, nimeendelea nayo miaka, ila kwa masharti. Kaza kwa sarafu au bisibisi, vidole havitoshi. Washa badilisha mara tu ikianza kung'aa. Halafu zoeza mkono, kila ukiishusha kamera kidole gumba kipite juu ya bolti kuigusa, nusu sekunde tu, baada ya wiki mbili unafanya bila kufikiri. Kuna gundi ya bolti ya mafundi magari, Loctite, ile ya BLUU, tone dogo kama kichwa cha kiberiti, inashika lakini ukitaka kufungua unafungua. Usiguse nyekundu, hiyo mpaka uipashe moto na kamera haipashwi moto. Na isitiririke kwenye plastiki, zipo plastiki inazozipasua.

Kingine, ukiwa na 70-200 usifunge kwenye bodi, funga kwenye ule mguu wa lenzi, kile kibati chini yake cha kufungia tripodi. Ukifunga kwenye bodi lile lilenzi lizito linavuta pale linapoungana na bodi siku nzima.

Na weka kamba ya akiba. Kikamba kifupi cha nailoni kutoka sikio moja la kamera mpaka kwenye mkanda, kimelegea hakibebi kitu, kazi yake ni siku ile bolti itakapoachia. Mimi ningekuwa nacho nisingelipa fundi lenzi.

bi_lenzi_unguja

Assalam alaykum. Kaka mzee amesema vizuri lakini mimi sikubaliani na bolti, na gundi yake na washa yake. Kwanini nikae na kitu kinachonitaka nikikague kila dakika wakati nimemshika mteja anataka jua lisizame bila picha yake? Kamera imekuja na masikio mawili juu, kazi yake ni kubeba kamera, basi na yabebe.

Natumia mkanda wa kampuni ya Peak Design unaoitwa Slide, mwaka wa nne sasa. Ina vile vifundo vidogo vya duara vyenye uzi, unafunga uzi kwenye masikio, kifundo kinaingia kwenye mkanda kwa kubonyeza na kuteleza. Wenyewe wanasema kimoja kinabeba zaidi ya kilo 90. Uzuri uzi wake unasema wenyewe ukichoka, nje mweusi, ukilika unaanza kuona rangi ya ndani ya njano au nyekundu inachungulia, hapo unautoa unaweka mpya, husubiri. Sikio moja naweka kifundo, cha pili naweka kwenye kile kibati chao kidogo chini ya kamera, ndio inakaa imelala ubavuni lenzi ikiangalia chini, haichomozi mbele.

Lakini jihadharini na za kuiga, zimejaa. Nilinunua vifundo vya bei rahisi nikavilinganisha na vyangu juu ya meza, uzi wake umekatwa ovyo mwisho umechomwa kwa kiberiti, na ukivuta kwa kucha unaona unachanuka. Hivyo nafungia funguo za nyumba.

Kuhusu kuchoka, upana ndio mambo. Slide ina milimita 45, ndugu yake mdogo Slide Lite ina 32. Kwa kamera ndogo zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) 32 inatosha na haileti joto, kwa 6D yako na 70-200 chukua pana. Na sisi akina dada mkanda ukikatiza kifuani unateleza kuelekea shingoni, juu ya baibui ndio zaidi maana kitambaa kinateleza. Upande mmoja wa Slide ule wa begani una vimistari vya mpira vya kushika, watu wengi wanauvaa umegeuka hawajui, wanalalamika unateleza. Ugeuzeni.

Huku kwetu pia kuna chumvi. Ukitoka Paje siku nzima upepo wa bahari, mkanda suuza kwa maji baridi uanike kivulini, na zile ringi za pembetatu kwenye masikio zifute. Kutu inaanzia ndani pale chuma kinaposuguana na chuma, huioni mpaka uisogeze.

kijana_wa_mvita

Salamu kutoka Mombasa. Hizo za majina makubwa ni nzuri sikatai, lakini ndugu yetu amesema hana pesa ya kujaribu mitano, mimi nitamwambia nilivyofanya.

Nina Nikon D750. Nilienda kwa fundi anayeshona viti vya magari nikamwomba kipande cha mkanda wa siti belti, kile cha mabaki, mita mbili. Huo mkanda ni laini pembeni, haukati shingo, upana karibu sentimita tano, na ulifumwa kumshika mtu mzima gari likigonga. Nikapeleka kwa fundi viatu mwenye cherehani nzito, uzi wa nailoni ule wa kushonea soli. Mkazanie ashone kila mwisho kiboksi, na katikati ya boksi msalaba. Mshono wa mstari mmoja ukikatika uzi mahali pamoja wote unafumuka, wa boksi na msalaba ukikatika sehemu moja nyingine zinashika.

Usifanye kosa langu la kwanza lakini. Nilichukua mkanda wa begi la laptopu la mtumba pale soko la Kongowea, una zile ndoano za chuma zinazozunguka. Zinaonekana imara. Lakini ukiipinda ndoano upande, ule ulimi wake unakutana na ringi unasukumwa ndani, inafunguka yenyewe. Niliona nikiwa nimekaa kwenye kiti naichezea tu mkononi, mara ya tatu ikachomoka. Kama lazima utumie ndoano tafuta ya kufunga kwa kuzungusha kola, kile kipete kinachofunga ulimi, na kola ikazwe kuelekea chini isije ikajifungua kwa kutikisika.

Na kabla ya kuweka kamera weka ndoo. Ndoo ya lita kumi ikijaa maji ni kilo kumi, ining'inize kwa huo mkanda kama utakavyoning'iniza kamera, tembea nayo uani, ipande ngazi, irushe rushe kidogo. Maji yakimwagika hakuna hasara.

Neopreni, zile pedi nene zinazovutika, wengi wanazipenda sababu dukani bega linahisi raha. Mimi sizipendi kwa kamera nzito, inadundadunda, unatembea kamera inapanda inashuka, mwisho wa siku kiuno kimepigwa.

picha_moro

Asanteni sana jamani, sikutegemea majibu ya hivi. Bi lenzi nimekusoma mara mbili, ila kwa sasa mfuko unaniambia nianze na siti belti ya kijana wa Mvita, nifunge kwenye masikio, na kamba ya akiba ya mzee. Kesho naenda kwa fundi.

Swali moja. Kutoka kanisani kwenda ukumbini mara nyingi napanda bodaboda kuwahi msafara. Nikiwa nimevaa hivi kwa kukatiza si ndio salama zaidi, mwizi hawezi kuchomoa?

mzee_wa_ukumbi

Hapana mdogo wangu, hapo usicheze. Mkanda wa kukatiza unamzuia mwizi anayetembea kwa miguu. Wa pikipiki anapita kwa kasi anavuta, mkanda haukatiki kama tulivyosema, basi unaondoka wewe na kamera. Nimeona dada mmoja amebururwa lami kwa mkoba wa kukatiza, magoti yake sitayasahau. Kamera ni mali, inatafutwa tena.

Kwenye bodaboda kamera inaingia kwenye begi, begi unalivaa mbele tumboni kati yako na dereva. Hata bila mwizi, kamera inayoning'inia ubavuni kwenye pikipiki inagonga goti, inagonga ekzosi, na kona moja tu ikining'inia upande wa magari imekwisha. Dakika moja ya kufungua begi hukosi msafara.

Na urefu umeshaupima? Simama wima, kamera ikae juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Ikishuka mpaka pajani kila ukiinama inakuja mbele kugonga meza, na kwenye milango ya ukumbi ndio kabisa.

picha_moro

Mrejesho wakuu. Fundi alinitoza elfu nane yote, kushona na kupunguza urefu, alikuwa hajui boksi na msalaba nikamchorea kwenye karatasi akashona vizuri kuliko mchoro. Ndoo nilitembea nayo uani mama watoto anashangaa, lita kumi, hakuna uzi uliosogea. Jumamosi nimefanya send-off nzima nayo, masaa tisa, bega limechoka kawaida lakini shingo iko nzima, nimelala vizuri. Kidole gumba bado kinaenda chini kutafuta bolti ambayo haipo.

Kitu kimoja tu, ringi ya upande wa kulia inagonga gonga bodi na nimeona kamstari ka mkwaruzo juu ya nembo.

bi_lenzi_unguja

Mashallah. Kata kipande cha ngozi laini duara kama shilingi, toboa katikati, upitishe sikioni kabla ya ringi, kikae kati ya ringi na bodi. Fundi viatu wako anavyo vipande kwenye kapu lake, hata hatakudai.